Banda la Maonyesho Nyanza Kusini

Sanaa ya kupanga bidhaa ili imsimamishe mpita njia ilifika Homa Bay na Migori kwa njia ya ziwa. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli zilibeba mizigo hadi Kendu Bay, Homa Bay na Karungu, na maduka ya mabati ya Wahindi yakafuata. Ndani, kaunta ilikatiza upana wote wa chumba na rafu zikapanda hadi darini. Mvuto wenyewe ulikuwa nje, barazani, alikoketi fundi wa cherehani. Mnunuzi aliona kitambaa kikigeuka shati mbele ya macho yake, na hakuna tangazo la rangi lililoshinda hilo.

Maonyesho rasmi yalikuwa na asili nyingine. Chama cha Kilimo cha Kenya, ambacho wengi hukijua kwa ufupi wa ASK, kina mizizi katika chama cha walowezi kilichoanzishwa mwaka huohuo wa 1901. Kwa miongo mingi uwanja wa maonyesho ulikuwa mahali pa mlowezi kushindanisha ng'ombe wake. Baada ya uhuru mkulima mdogo akawa ndiye mgeni anayelengwa. Wa Nyanza Kusini alizoea kusafiri hadi Kisumu au Kisii, kisha Migori nayo ikawa na maonyesho yake.

Banda la ASK huanza udongoni. Kampuni ya mbegu hugawiwa kiwanja, ikapanda miezi kadhaa kabla, ikihesabu wiki kurudi nyuma ili mahindi yawe na magunzi yaliyojaa punje siku ya ufunguzi. Mahindi chotara, yaliyoanza kutolewa Kitale katika miaka ya 1960, yaliuzwa namna hii: mstari wa chotara ubavuni mwa mstari wa mbegu ya nyumbani, mbolea ileile, mvua ileile. Mkulima hupima shina kwa kiganja na kuamua mwenyewe. Jengo lenyewe ni kivuli tu cha maofisa na vipeperushi. Waamuzi nao hupita wakitafuta jinsi banda linavyoitikia kaulimbiu ya mwaka, na hapo ndipo ubunifu ulipopotoka mara nyingi: kaulimbiu ikachorwa kubwa ukutani, bei ya mbegu na mahali pa kuipata vikaachwa.

Mfano bora wa kanuni ya kulinganisha mazao ubavu kwa ubavu haukuzaliwa uwanjani hata kidogo. Huko Mbita, katika kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, taasisi iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, wageni huonyeshwa mashamba ya vuta-sukuma. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, harufu yake ikamfukuza nondo wa kipekecha shina, nayo mizizi yake ikalizuia gugu la kayongo. Nyasi za pembezoni humvuta nondo akatage huko. Shamba la mahindi matupu likiwa jirani, maelezo huwa machache.

Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, maonyesho yalitoka shambani yakaingia hemani. Homa Bay iliandaa kongamano la kimataifa la uwekezaji mwaka 2024, na Agosti 2025 ikapokea Kongamano la Ugatuzi lililokusanya kaunti zote. Banda la siku hizi huchorwa kwanza kwenye kompyuta, mteja akaliona kwa pande zote kabla ya nguzo kusimikwa. Picha hiyo huonyesha mambo ambayo zamani yaligunduliwa asubuhi ya ufunguzi: meza iliyokatiza mlango kama kaunta ya duka, ikimfaa mwenye kuogopa wezi lakini ikimzuia mgeni kuingia, maandishi yaliyofichwa na vichwa vya watu, skrini inayopofushwa na jua la adhuhuri. Isichoweza kufanya ni kuotesha mahindi kwa siku nne. Kwa hiyo wenye mazao hubeba mimea iliyokomaa kwenye ndoo, na wavuvi huleta samaki wakiwa hai kwenye matangi.