Krioglobulinemia ya hepatitisi C
Krioglobulinemia ni hali ambapo kingamwili zisizo za kawaida huganda damu ikipoa chini ya sentigredi 37. Mara nyingi chanzo chake ni virusi vya hepatitisi C, vilivyotambuliwa mwaka 1989. Kingamwili hizo zikinasa katika mishipa midogo ya damu huleta uvimbe: madoa mekundu miguuni, maumivu ya viungo, ganzi, hata figo kuharibika.

Kipimo chake kina mtego: damu ikipoa njiani, protini huzama na majibu huonyesha hakuna ugonjwa. Hivyo mahali penye baridi na mbali na maabara kubwa, kama Endulen wilayani Ngorongoro, afadhali kuanza na kipimo cha hepatitisi C yenyewe. Vidonge vya wiki 8 hadi 12 huponya zaidi ya 95% ya wenye virusi. Madoa mara nyingi huisha, ganzi huchelewa.