Upimaji wa isotopi za plutoni kwa AMS

Upimaji wa isotopi za plutoni kwa AMS ni njia ya kuhesabu atomi za plutoni, moja baada ya nyingine, zilizomo katika udongo, maji, mashapo, matumbawe au mimea. AMS ni kifupi cha kimataifa cha spektrometria ya masi kwa akselereta, yaani kutenganisha atomi kwa kufuata masi yake baada ya kuzipa mwendo mkubwa. Jina ni gumu kuliko wazo lenyewe. Njia hii hutumiwa pale plutoni inapokuwa kidogo mno kwa vipimo vya kawaida vya mnururisho, na hasa linapoulizwa swali: plutoni hii imetoka wapi?

Plutoni katika mazingira

Plutoni (alama Pu, namba atomia 94) ilitengenezwa kwa mara ya kwanza huko Berkeley, Marekani, na Glenn Seaborg na wenzake mnamo 1940-1941. Kiasi kidogo sana hupatikana kiasili katika mawe yenye urani, lakini karibu yote iliyomo katika udongo wa juu leo imetokana na binadamu. Bomu la kwanza la plutoni lilijaribiwa katika jimbo la New Mexico tarehe 16 Julai 1945, na lililoangushwa Nagasaki tarehe 9 Agosti mwaka huohuo lilikuwa la aina hiyo. Yalifuata mamia ya majaribio ya hewani, mengi yakiwa ya Marekani na Umoja wa Kisovyeti, hadi mkataba wa 1963 ulioyapiga marufuku. Ufaransa haikutia saini, ikaendelea kulipua hewani hadi 1974. China nayo hadi 1980.

Vumbi la milipuko mikubwa lilipanda juu sana angani, likasambaa duniani kote na kushuka polepole pamoja na mvua. Sehemu kubwa iliangukia nusudunia ya kaskazini, lakini upande wa kusini haukunusurika, na udongo wa Afrika ya Mashariki nao una chembe zake. Tena urani nyingi iliyotumiwa na Marekani kuanzisha kazi hiyo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, jambo ambalo vitabu vya shule hutaja kwa nadra.

Kwa nini isotopi zihesabiwe

Isotopi mbili zilizo muhimu zaidi ni Pu-239, yenye nusumaisha ya miaka 24,110, na Pu-240, yenye nusumaisha ya miaka 6,561 hivi. Tanuri la nyuklia hutengeneza kwanza Pu-239 kutokana na urani. Baadhi ya atomi hizo humeza nyutroni moja zaidi na kuwa Pu-240. Kadiri fueli inavyokaa muda mrefu ndani ya tanuri, ndivyo Pu-240 inavyoongezeka. Watengenezaji wa mabomu hawaipendi Pu-240, hivyo huitoa fueli mapema.

Kwa sababu hiyo uwiano wa atomi za Pu-240 kwa Pu-239 hufanya kazi kama alama ya kidole. Plutoni ya silaha huwa na uwiano chini ya 0.07. Vumbi la majaribio lililoenea duniani lina takriban 0.18. Milipuko mikubwa ya Marekani katika Visiwa vya Marshall, kama ule wa Bikini wa tarehe 1 Machi 1954, iliacha uwiano wa 0.3 hivi, na plutoni iliyotoka Chernobyl mwaka 1986 ina takriban 0.4.

Njia ya zamani ya kupima ni kuhesabu chembe za alfa. Ina kasoro mbili. Kwanza, nishati za alfa za isotopi hizi mbili zinakaribiana mno (5.16 na 5.17 MeV), kwa hiyo huhesabiwa kwa pamoja na uwiano haujulikani. Pili, mpimaji hulazimika kusubiri atomi ioze. Femtogramu moja ya Pu-239 ina atomi milioni 2.5 hivi, lakini katika mwaka mzima zinazooza ni kama 72 tu. AMS haisubiri atomi ioze. Huihesabu ingali nzima.

Jinsi upimaji unavyofanyika

Sampuli hukaushwa na kuchomwa ili mabaki ya mimea yaishe. Kisha huongezwa kiasi kinachojulikana cha Pu-242, isotopi ambayo ni adimu katika mazingira. Hiki ni kipimo cha kulinganishia: plutoni ikipotea njiani, Pu-242 nayo hupotea kwa kiwango kilekile, na hesabu hubaki sahihi. Plutoni huyeyushwa kwa asidi ya nitriki, husafishwa kwa resini, huchanganywa na chuma na kugeuzwa kuwa oksidi, halafu unga wake hushindiliwa katika kishikizo kidogo cha metali.

Ndani ya mashine, unga hupigwa kwa ioni za sezi (Cs). Hutoka ioni zenye chaji hasi, zikiwemo za plutoni iliyoshikamana na oksijeni. Sumaku ya kwanza huchagua zenye masi inayotakiwa. Ioni hizo huvutwa na volti nyingi chanya, katika mitambo mingi kuanzia laki kadhaa hadi milioni kadhaa, na hapo hupita katika gesi nyembamba kama argoni au heli. Gesi huzinyang'anya elektroni na kuvunja molekuli zote. Ioni sasa zina chaji chanya, hivyo husukumwa tena na volti zilezile na kuongeza mwendo.

Hatua ya gesi ndiyo moyo wa njia hii. Udongo wowote una urani nyingi kuliko plutoni, na atomi ya urani-238 iliyoshika hidrojeni moja ina masi karibu sawa na Pu-239. Spektrometa ya kawaida inaweza kudanganywa. Katika AMS molekuli hiyo haivuki gesi ikiwa nzima. Baada ya hapo sumaku nyingine na sahani za umeme huchuja zilizobaki, na kigunduzi cha gesi huhesabu ioni zinazofika. Pu-239, Pu-240 na Pu-242 hupimwa kwa zamu. Pu-238 haipimiki vizuri hivi, kwa kuwa masi yake inalingana na ya urani-238 na hakuna molekuli ya kuvunja; hiyo bado hupimwa kwa alfa.

AMS yenyewe ilianza 1977 kwa ajili ya kaboni-14. Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, Canberra, kilikuwa miongoni mwa waliotangulia kuitumia kwa plutoni katika miaka ya 1990. Vienna na Zürich zina mitambo inayojulikana pia.

Matumizi

Huko Maralinga, Australia Kusini, Uingereza ilifanya majaribio kati ya 1956 na 1963 katika ardhi ya Waaborijini. Yaliyochafua zaidi hayakuwa mabomu makubwa, bali majaribio yaliyoitwa "madogo" ya Taranaki, ambako kilo 22 hivi za plutoni zilirushwa kwa baruti ya kawaida. Waingereza walilima udongo juujuu mwaka 1967 na kueleza kwamba sehemu kubwa imezikwa mashimoni. Vipimo vya mnururisho vya 1984 vilionyesha kuwa nyingi ilibaki juu ya ardhi, mahali ambapo wenyeji hukaa, huwinda na kulala chini. Mbali na hapo, ambako vumbi la Maralinga limechanganyika na la dunia nzima, ni uwiano wa isotopi unaoweza kuyatenga. Kwa mfano, tuseme chanzo kimoja kina 0.03 na kingine 0.18. Sampuli yenye 0.105 itakuwa imepata nusu ya atomi zake za Pu-239 kutoka kila upande.

Wataalamu wa kilimo hutumia plutoni kupima mmomonyoko: mahali palipo na upungufu, udongo umeondoka, palipo na ziada, umelundikana. Zamani walitumia zaidi sezi-137, lakini nusumaisha yake ni miaka 30 tu, nayo inazidi kufifia.

Mwaka 2023 plutoni katika mashapo ya Ziwa Crawford, Kanada, ilipendekezwa kuwa alama ya mwanzo wa enzi mpya ya kijiolojia, Anthroposini. Pendekezo hilo lilikataliwa mwaka 2024. Katika tabaka gumu lililotolewa chini ya Bahari ya Pasifiki, AMS imegundua pia atomi chache za Pu-244, yenye nusumaisha ya miaka milioni 80 hivi, ambazo zilifika duniani kutoka anga za mbali.