Kibali cha Ujenzi: Kilianzia Wapi, na Kinakuhusu Lini?

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, ukitaka kuongeza chumba cha duka mbele ya nyumba yako kijijini, unamwita fundi, mnapatana bei, kazi inaanza. Fanya hivyo hivyo ndani ya mipaka ya mji, na siku moja utaamka ukute ukuta umechorwa X nyekundu. Fundi ni yule yule na tofali ni lile lile. Tofauti ni mstari kwenye ramani, na mstari huo ni wa siku nyingi.

Wajerumani walipohamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, waliweka kanuni ya ujenzi iliyougawa mji. Upande wa ufukweni ziliruhusiwa nyumba za mtindo wa Kizungu tu. Waingereza walipochukua nchi waliendeleza mgawanyo huo kwa kanda tatu: ya kwanza makazi ya Wazungu, ya pili biashara, ambako Wahindi walikuwa wengi, na ya tatu Kariakoo na maeneo ya jirani, ambako mtu aliruhusiwa kujenga kwa miti na udongo. Kanuni ilitaja aina ya nyumba, si rangi ya mtu, lakini Mwafrika wa kawaida angepata wapi fedha za nyumba ya kanda ya kwanza? Uwanja wa Mnazi Mmoja ni baki la mpaka huo. Uliachwa wazi makusudi ili kuwatenga watu wa Kariakoo na wenzao wa upande wa pili.

Ndiyo maana wazee wengi bado wanakiona kibali kama kitu cha kumzuia maskini. Siwalaumu.

Baada ya uhuru Serikali ilianza kwa kubomoa vibanda na kujenga nyumba mpya, kama Magomeni. Watu wakazidi nyumba. Katika miaka ya 1970 msimamo ukalegezwa: maeneo kama Manzese, yaliyojengwa bila mpango, yakapelekewa barabara na maji badala ya kuvunjwa. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 nayo ina nafasi ya urasimishaji wa makazi ya namna hiyo.

Lakini kibali kina kazi nyingine pia. Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Lilikuwa limepandishwa kupita ghorofa zilizoidhinishwa.

Sasa wewe wa kijijini inakuhusu nini? Inakuhusu kwa sababu miji inakufuata shambani. Chini ya sheria hiyo ya 2007, Waziri anaweza kutangaza eneo kuwa eneo la mipangomiji, na tangazo hutoka kwenye Gazeti la Serikali, ambalo sijamwona mkulima akilisoma. Unaendelea kupalilia mahindi, kumbe kiwanja chako kimeshaingia kwenye ramani ya mji. Dalili moja ya wazi ni mwenyekiti wa kijiji kugeuka kuwa mwenyekiti wa mtaa.

Ukishakuwa ndani ya mstari, kujenga nyumba mpya, kuongeza chumba au ghorofa, na kugeuza sebule kuwa duka au mashine ya kusaga, vyote viombee kibali kwanza. Kupaka rangi au kubadili bati linalovuja kwa kawaida hakuna shida. Ukuta wa uzio watu wengi huudharau. Uulizie kabla ya kuchimba msingi.

Kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji, nenda kwa mtendaji wako, kisha kwa afisa mipangomiji wa halmashauri. Muulize mambo mawili: eneo hili limetangazwa kuwa la mipangomiji? Na hifadhi ya barabara inaishia wapi? Beba hati au karatasi yoyote ya kiwanja uliyonayo, na jibu lake omba akupe kwa maandishi.