Nani Amelisimamia Darasa la Awali Songea?

Mtoto wa miaka mitano wa Mshangano, moja ya kata 21 za Manispaa ya Songea, leo anasoma darasa la awali bila ada, katika shule inayopata ruzuku ya Serikali. Wazazi vijana huona ndivyo ilivyokuwa siku zote. Sivyo.

Wilaya ya Songea iliwahi kujaribu njia yake ya kuendesha shule. Katika miaka ya 1960, vijiji vya Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, Litowa kikiwa mbele, vilikuwa na shule ambayo walimu wake waliishi na kulima pamoja na wanakijiji. Mwalimu Nyerere alivisifu. Lakini Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho, na mwaka 1972 mpango wa Madaraka Mikoani ukazifuta halmashauri za wilaya, kisha na za miji. Maamuzi yakahamia kwa maofisa wa serikali kuu. Kwangu mimi, hili ndilo pigo kubwa katika historia yote hii: mzazi alipoteza diwani wa kumuuliza.

Watoto wadogo walibaki mikononi mwa akina mama wa Umoja wa Wanawake wa Tanzania (UWT), misheni na vijiji, katika chekechea ambazo wengi walizijua kama shule za vidudu. Sheria ya mwaka 1981 iliviweka vituo vya kulelea watoto mchana chini ya ustawi wa jamii. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria za serikali za mitaa, Na. 7 ya wilaya na Na. 8 ya miji, na halmashauri za wilaya zikarejea kazini mwaka 1984. Zilirudishiwa shule za msingi. Chekechea hazikuwamo.

Ndoa ya awali na msingi ilifungwa polepole. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 iliitambua elimu ya awali rasmi. Baadaye Serikali ikataka kila shule ya msingi iwe na darasa hilo. Sera ya 2014 ikalifanya la lazima. Januari 2016 elimu bila ada ikaanza, na ruzuku ikawa inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule.

Utaratibu huo uliondoa ucheleweshaji wa fedha kupitia halmashauri, na nausifu kwa hilo. Usimamizi, hata hivyo, umegawanyika mno. Mwalimu yuko chini ya mkurugenzi wa manispaa, upande wa TAMISEMI. Mthibiti ubora anayekuja kumwona akifundisha anatoka Wizara ya Elimu. Kituo cha kulelea watoto kilicho jirani kinafuata Sheria ya Mtoto ya 2009, kupitia ustawi wa jamii. Kiwango cha Serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini darasa likizidi mno, kila ofisi ina mwenzake wa kumsukumia lawama.

Aliye karibu kuliko wote ni kamati ya shule, ambamo wazazi wamo kwa mujibu wa utaratibu. Mwongozo wa elimu bila ada unaitaka shule ibandike kwenye ubao wa matangazo fedha ilizopokea na matumizi yake. Mzazi wa Mshangano, nenda kausome ubao huo. Ukiukuta mtupu, mwulize mwalimu mkuu, kisha afisa elimu kata, kisha diwani wako.