RAID: jinsi diski ndogo zilivyoipiku diski kubwa

Leo tuweke kando programu mpya, tuongee historia kidogo. Databesi ikianza kujikokota, wengi hulaumu prosesa. Mimi huangalia diski kwanza.

Tangu IBM ilipotoa diski yake ya kwanza mwaka wa 1956, shida ya diski za kuzunguka ni ile ile: mkono unaobeba vichwa vya kusomea. Data ikiwa mbali, mkono lazima usogee, kisha usubiri sahani izunguke. Kwa diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, kusubiri nusu mzunguko pekee ni milisekunde 4 hivi. Watu mia wakiomba rekodi mia tofauti, wote wanapiga foleni. Kidole kimoja hakivunji chawa!

Mwaka wa 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala iliyolipa jambo hili jina: RAID. Walichukua diski kubwa ya IBM 3380, yenye megabaiti 7,500, wakailinganisha na diski ndogo ya Conner ya megabaiti 100, ya kompyuta za kawaida. Diski ndogo 75 zina nafasi ile ile, lakini zina mikono 75 inayofanya kazi kwa pamoja. Walikadiria kwamba uwezo wa kusoma na kuandika ungefika mara 12, tena kwa gharama ndogo.

Mbona basi watu hawakukimbilia hapo zamani? Kwa sababu diski nyingi ni vifo vingi. Diski moja ikitarajiwa kudumu saa 30,000, kundi la diski 100 litapoteza mojawapo baada ya saa 300 tu, yaani siku 12 na nusu. Na ukigawa jedwali moja kwenye diski zote, kifo cha moja kinaharibu lote.

Ndiyo maana herufi R katika RAID inahusu ziada. Njia ya kwanza ni kuandika kila kitu mara mbili. Nyingine ni pariti: kama diski tatu zina 5, 2 na 4, ya nne inaweka jumla, 11. Ile yenye 2 ikifa, unatoa 5 na 4 kwenye 11, na 2 inarudi. Mashine haitumii kujumlisha hasa, lakini wazo ndilo hilo.

Siku hizi SSD hazina mkono, ila hesabu ya vifo haijabadilika. Mpangilio unaoitwa RAID 0 hugawa data bila ziada yoyote. Kasi tamu, usalama sufuri. Mimi nauwekea data ya muda tu, kamwe si akaunti za wateja.

Tena kumbuka: ziada si bakapu. Ukifuta jedwali kwa amri moja, diski zote zitatii mara moja.