Moteri ya okazio iliyolala muda mrefu: namna ya kutafuta ugonjwa wake mbele ya kununua piesi

Kila mwaka, katikati ya mwezi wa nane, wavuvi wa Kalundu, Mulongwe na Kavimvira wanarudi ziwani. Nchi nne za Ziwa Tanganyika, ni kusema Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilikubaliana kusimamisha uvuvi miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili ndagala, mikeke na sangala wapate kuzaana. Kwa muda huo mitumbwi inalala nchi kavu. Moteri zinawekwa ndani ya nyumba, ama zinaachwa chini ya turubai. Siku ya kufungua ikifika, mwenye mtumbwi anavuta kamba mara kumi, mara ishirini, mara makumi tatu. Moteri haisemi kitu.

Shida hiyo hiyo inampata mtu aliyenunua moteri ya okazio ambayo ilikaa mwaka mzima katika depo. Hapo wengi wanakimbilia kununua piesi: leo bobini, kesho kabirateri, kesho kutwa CDI. Pesa inaisha na moteri bado iko kimya. Lakini moteri iliyolala si lazima iwe imekufa. Mara nyingi ugonjwa wake ni mdogo: esanse imeoza, kitundu kimeziba, ama waya umekatika. Kinachokosekana ni kufuata mpango, kuanza na kisichokula pesa na kumalizia na kinachokula pesa.

Maelezo haya yanahusu zaidi moteri za nyuma za mipigo miwili, zile zinazokula esanse iliyochanganywa na mafuta ya moteri, kama Yamaha za nguvu 15, 25 ama 40 zinazoonekana sana kwenye ziwa.

Moteri inaomba vitu vitatu

Ili iwake, moteri inahitaji esanse safi iliyochanganyika na hewa, moto kwenye bujie kwa wakati wake, na kompresio, ni kusema ile nguvu ya pistoni kukandamiza hewa. Kimoja kikikosekana, hata kamba ikivutwa asubuhi mpaka jioni haitawaka. Kazi ya fundi ni kujua ni kipi kinakosekana, bila kubahatisha.

Kwanza, vile visivyolipwa

Mbele ya kushika kle, mwenye moteri anaangalia mambo haya:

- Kamba ya usalama ya kuzima moteri. Kile kipande chake kidogo kisipokuwa mahali pake, moto hautoki kabisa. Kwenye moteri za okazio mara nyingi kimepotea.
- Giya. Moteri nyingi zinakataa kuwaka kama haziko katikati.
- Kizibo cha tanki. Ile skuru ndogo ya kuingiza hewa lazima ifunguliwe, la sivyo esanse inagoma kutoka.
- Mpira wa esanse na pompe ya mkono. Mshale wa pompe unaelekea kwenye moteri. Pompe ikiminywa, inapaswa kuwa ngumu. Ikibaki laini, kuna mahali hewa inaingia: mpira umepasuka, ama kiungo hakijakaa vizuri.
- Nyaya. Panya wanapenda moteri iliyolala nyumbani. Waya uliotafunwa unaonekana kwa macho tu.

Esanse ya zamani inatupwa

Esanse haidumu kama mazuti. Ikikaa miezi kadhaa, sehemu yake nyepesi inaruka hewani, na inayobaki inageuka kama gundi. Harufu yake inabadilika, inafanana na ile ya rangi ya mbao. Kujaribu kuwasha moteri kwa esanse hiyo ni kupoteza nguvu za mkono.

Hata esanse mpya inahitaji kuangaliwa. Ile ya bidoni inayouzwa na makadafi kando ya barabara inaweza kuwa na maji ama taka. Kipimo chake ni rahisi: esanse inawekwa katika chupa nyeupe ya plastiki na kuachwa itulie. Maji ni mazito kuliko esanse, kwa hiyo yanashuka chini na mstari unaonekana wazi.

Mchanganyiko nao una kipimo chake. Kwa moteri nyingi za mipigo miwili ni 1 kwa 50, ni kusema mililita 400 za mafuta kwa litre 20 za esanse. Zingine zina kipimo kingine, na mara nyingi kimeandikwa kwenye tanki ama kwenye kitabu cha moteri. Mafuta yakipungua, pistoni inaungua. Yakizidi sana, bujie inajaa masizi. Moteri ya mipigo minne, yenyewe, haichanganyiwi mafuta kabisa: yake yanawekwa mahali pa peke yake, na yanapimwa kwa kijiti.

Esanse mbaya haimwagwi ziwani. Watu wengi wa Uvira bado wanachota maji ya kunywa kwenye ufuko ule ule ambako mitumbwi inafungwa.

Bujie inasema ukweli

Kama esanse ni safi na moteri bado inakataa, fundi anavuta kamba mara tano ama sita, halafu anatoa bujie na kuiangalia.

Bujie ikiwa kavu kabisa, esanse haifiki ndani. Ugonjwa uko upande wa mpira, filtri, pompe ya esanse ama kabirateri.

Bujie ikiwa imelowa esanse, basi esanse inafika. Ugonjwa unaweza kuwa moto, ama esanse imeingia nyingi kupita kiasi. Hapo bujie inakaushwa, kamba inavutwa mara kadhaa bila bujie ili silinda ipumue, halafu inajaribiwa tena bila kuvuta choki.

Ili kupima moto, bujie inarudishwa kwenye kofia ya waya wake, na chuma chake kinagusishwa vizuri kwenye mwili wa moteri, mbali na tundu la silinda. Mwingine anavuta kamba. Moto mzuri ni wa rangi ya bluu, na unasikika ukilia. Moto wa manjano, mnyonge, haufai. Kazi hii haifanywi karibu na esanse iliyomwagika, wala na mtu anayevuta sigara. Bujie haishikwi kwa mkono mtupu, kwa sababu umeme wake unapiga sana.

Kama moto hautoki, kunajaribiwa kwanza bujie nzuri iliyotolewa kwenye moteri nyingine ya jirani. Halafu zinaangaliwa nyaya za kontakti ya kuzimia: zikigusana kwa sababu ya kutu ama unyevu, moteri inadhani imezimwa. Viungo vya waya vinasuguliwa kwa msasa laini na kukaushwa. Ni baada ya hayo yote tu ndipo bobini na CDI zinashukiwa. Na hata hapo, ni vizuri kujaribu ya kuazima mbele ya kununua.

Kabirateri: pale ugonjwa unapopenda kukaa

Kwenye moteri iliyolala, hapa ndipo tatizo linapatikana mara nyingi. Esanse iliyobaki ndani ya kikombe cha kabirateri inakauka na kuacha utando kama gundi. Vile vitundu vidogo vya kupitishia esanse, jikleri, vinaziba.

Chini ya kikombe kuna skuru ya kumwagia. Ikifunguliwa huku pompe ya mkono ikiminywa, esanse safi inapaswa kutoka. Isipotoka, sindano ya boya imegandamana ama mpira umeziba. Ikitoka na maji, mchanga ama rangi ya chai nzito, kabirateri inafunguliwa na kusafishwa.

Jikleri hazitobolewi kwa sindano wala waya wa chuma. Kitundu kikipanuka hata kidogo, moteri itakula esanse nyingi na haitatulia tena. Inatosha kulowesha katika esanse safi, kupitisha uzi mmoja wa nailoni wa kuvulia, na kupuliza kwa pompe ya hewa. Kila kipande kinawekwa kwenye kitambaa cheupe kwa mpango kilivyotoka, ili kisipotee mchangani. Ngozi ya mpira iliyo ndani ya pompe ya esanse inaangaliwa pia: ikiwa ngumu ama imetoboka, inabadilishwa.

Kompresio

Bujie zikiwa nje, fundi anaziba tundu la silinda kwa kidole gumba na mwingine anavuta kamba. Kidole kinapaswa kusukumwa kwa nguvu. Kwenye moteri ya silinda mbili, nguvu zinapaswa kulingana. Silinda moja ikiwa nyonge, pengine segmenti zimeshikana na masizi. Mafuta kidogo ya moteri yanamiminwa ndani ya silinda na kuachwa usiku mzima, halafu inapimwa tena. Kama hakuna mabadiliko, sasa ni kazi ya mekanisie mwenye vifaa vya kufungua moteri yote.

Kamba ikikataa kabisa kuvutika, hailazimishwi kwa bomba ama nyundo. Mafuta ndani ya silinda na subira ya siku moja ama mbili vimeokoa moteri nyingi.

Moteri iliyozama ni jambo lingine

Tangu mafuriko ya mwaka 2020 ndani ya Uvira, na kupanda kwa maji ya ziwa katika miaka iliyofuata, kuna moteri zilizoingia maji zikiwa ndani ya nyumba. Moteri ya namna hiyo haivutwi haraka. Maji hayakandamiziki, na ukivuta kwa nguvu fimbo ya pistoni inaweza kupinda. Bujie zinatolewa kwanza, moteri inainamishwa maji yatoke, kamba inavutwa polepole, kisha mafuta yanamiminwa ndani. Kabirateri na tanki vinamwagwa vyote. Kinachoiua moteri iliyozama ni kutu ya siku zinazofuata, ikiachwa ikae bila kuguswa.

Ikiwaka, kazi haijaisha

Moteri haiwashwi bila maji, hata kwa dakika moja. Ndani ya mguu wake kuna turbini ndogo ya mpira inayopandisha maji ya kupoza. Ikizunguka kavu inaungua haraka. Mguu unatumbukizwa katika pipa la maji mpaka juu ya vitundu vya kuingizia maji, ndipo kamba inavutwa. Ndani ya muda mfupi moteri inapaswa "kukojoa", ni kusema kutoa mstari wa maji pembeni. Isipokojoa, inazimwa mara moja. Pengine mchanga wa ufukoni umeziba, ama mabawa ya turbini yamekauka na kubaki yamepinda. Maji ya Tanganyika si ya chumvi kama ya bahari, kwa hiyo kutu haili haraka sana. Lakini mchanga unakula turbini bila huruma.

Mafuta ya giya nayo yanaangaliwa. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yanaingia ndani ya mguu na mpira wa kuzuia umechoka.

Jaribio la kwanza ziwani linafanywa karibu na ufuko, mchana, kwa nusu saa ama zaidi, mbele ya kuchukua mzigo ama abiria wa Makobola, Mboko ama Baraka. Sababu yake ni ziwa lenyewe. Tanganyika ni ziwa la pili duniani kwa kina, nyuma ya Baikal la Urusi, na pale linapozidi kina linafika karibu mita 1470. Sehemu nyingi, mwendo mfupi tu kutoka pwani, kamba ya nanga haifiki tena chini. Mtumbwi ambao moteri yake imezimika hauna pa kushikilia, na upepo wa kusini wa kiangazi unausukuma unakotaka, pengine mpaka maji ya Burundi. Kwa hiyo ndani ya mtumbwi panakuwa na kasia, bujie moja ya akiba na kle yake, simu iliyofungwa ndani ya plastiki, na gilet ya kuokoa kwa kila mtu.

Anayenunua okazio

Mnunuzi anaomba kukuta moteri ikiwa baridi. Muuzaji akiwa ameshaipasha moto mapema, pengine anaficha namna inavyokataa asubuhi. Mnunuzi anapima kompresio kwa kidole, anafungua skuru ya mafuta ya giya, anatikisa shafti ya helisi, anaangalia kama vichwa vya skuru vimeliwa na kle, na anasubiri moteri ikojoe. Namba ya moteri ikiwa imekwanguliwa, ni afadhali kuacha: huenda kuna mwenyewe anayeitafuta.

Mbele ya kuilaza tena

Siku ya mwisho ya kazi, mpira wa esanse unachomolewa moteri ikiwa inanguruma ndani ya pipa la maji safi, mpaka izimike yenyewe. Hivyo kabirateri inabaki tupu. Bujie zinatolewa, kijiko kimoja cha mafuta kinamiminwa ndani ya kila silinda, kamba inavutwa polepole mara mbili, na bujie zinarudishwa. Moteri inasimamishwa wima ili maji yote yatoke, na tanki halibaki na esanse. Ni kazi ya nusu saa mwezi wa tano, na mwezi wa nane mwenyewe anavuta kamba mara mbili ama tatu tu.