Herufi, Baiti na Saini: Historia Fupi ya Saini za Kidijitali katika Baruapepe

Kanuni za baruapepe za mwaka 1982 zilijengwa juu ya ASCII, mfumo wenye alama 128 ulioitosheleza lugha ya Kiingereza. Philip Zimmermann alipotoa programu ya PGP mwaka 1991, saini ya kidijitali iliwafikia watu wa kawaida, lakini ufinyu huo ulibaki. Saini haithibitishi herufi anazoziona msomaji, bali baiti zinazoziwakilisha. Herufi é ni baiti moja katika Latin-1, na mbili katika UTF-8. Programu ya mpokeaji au seva ya njiani ilipobadili usimbaji, maneno yalisomeka yale yale, ilhali saini ilikataliwa; barua halali ya Mfaransa ikaonekana ya kughushi.

Msingi wa suluhisho ulikuwa MIME ya mwaka 1992, iliyowezesha herufi hizo kusafirishwa kwa alama za ASCII na usimbaji wake kutajwa. Mwaka 1995, waraka wa viwango RFC 1847 uliagiza sehemu inayotiwa saini iwekwe kwanza katika biti 7, kisha isiguswe njiani. Mwaka 1996 utaratibu huo uliingizwa katika PGP. Inabainika, basi, kwamba hisabati ya saini haikuwa na dosari. Kilichokosekana ni makubaliano kuhusu uwakilishi wa herufi.